Muuza mashine za risiti naye abanwe

WAFANYABIASHARA wa Mbeya na Iringa wamefunga maduka zaidi ya mara moja tangu mashine za kutoa risiti za kielektroniki, maarufu kwa jina la EFD, zilipoingia katika biashara zao. Kila ilipotokea hivyo, jibu walilopewa lilikuwa lile lile: hawataki kulipa kodi.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Wakwepa kodi wapo, na wapo Mwanjelwa kama walivyo Kariakoo. Hata hivyo, jibu hilo limefunika lalamiko jingine ambalo halihusu kodi hata kidogo. Ni lalamiko la mteja aliyenunua chombo kwa bei kubwa, kikamharibikia kaunta ikiwa imejaa wateja, na aliyemuuzia akawa hapatikani.

Mteja wa kawaida akiuziwa bidhaa mbovu huhama duka. Mnunuzi wa EFD hana uhuru huo wote. Sheria inamlazimisha awe na mashine, inamtaka anunue kwa wasambazaji walioidhinishwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) tu, na inamkataza kumpelekea fundi mwingine. Hapo ndipo penye mgogoro, na ndipo panapopaswa kutengenezwa.

Zilivyoingia

Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilianza Tanzania Bara Julai 1998, miaka miwili baada ya TRA yenyewe kuanza kazi Julai 1996. Kwa miaka mingi hesabu za kodi hiyo zilitegemea vitabu vya risiti vya karatasi, ambavyo kila mtu aliweza kuvichapisha viwili: kimoja cha mteja na kingine cha ofisa wa kodi.

Ili kuziba mwanya huo, mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa katika VAT. Awamu ya pili ilifuata mwaka 2013, ikiwahusu wasiosajiliwa ambao mauzo yao kwa mwaka yalifikia Sh. 14,000,000/- na kuendelea. Ni awamu hii iliyoingia katika maduka ya kati na madogo, na ndiyo iliyozua moto.

Wakati huo mashine ya kawaida iliuzwa kati ya Sh. 600,000/- na Sh. 800,000/-. Hesabu yake si ngumu. Mauzo ya Sh. 14,000,000/- kwa mwaka ni wastani wa Sh. 38,000/- na ushei kwa siku. Mashine ya Sh. 800,000/- ilikuwa sawa na mauzo ya siku 21, tena mauzo, si faida. Mwenye duka anayebakiwa na faida ya asilimia 10 hupata Sh. 1,400,000/- kwa mwaka mzima, hivyo mashine peke yake ilikula zaidi ya nusu.

Serikali ilieleza kuwa gharama ya ununuzi ingerudi kwa kupunguzwa katika kodi. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini fedha ilitakiwa itoke kwanza, na ilitoka katika mtaji. Aidha, unafuu huo uligusa bei ya kununulia, wala haukugusa siku ambazo mashine ingekaa bila kufanya kazi.

Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 migomo ilianzia Dar es Salaam ikasambaa mikoani, Mbeya na Iringa zikiwamo. Januari 2015 maduka yalifungwa tena katika miji kadhaa, baada ya kiongozi wa kitaifa wa wafanyabiashara kukamatwa na kufikishwa mahakamani Dodoma. Juni 2024 mgomo wa Kariakoo ulipofika Nyanda za Juu Kusini, madai yalikuwa mengi, lakini risiti za EFD na adhabu zake hazikukosekana katika orodha.

Kwa nini fundi ni mgogoro

Kwa anayeitazama kaunta, EFD ni kikasha cha kuchapa karatasi. Ndani yake mna mambo manne yanayopaswa kufanya kazi kwa pamoja. Pana kumbukumbu maalumu ya mauzo isiyofutika, pana programu ya kukokotoa kodi, pana laini ya simu inayopeleka taarifa TRA, na pana kichapishi. Kila siku mwenye duka hutakiwa kutoa ripoti ya kufunga hesabu, ambayo wafanyabiashara wote wanaijua kama ripoti ya Zedi.

Moja kati ya hayo manne likigoma, yote yamegoma. Betri ikichoka, umeme ukikatika mashine inazima. Mtandao ukiwa hafifu, taarifa haziendi. Kichapishi kikiharibika, hakuna risiti hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Wenye maduka makubwa wanaotoa ankara kwa kompyuta wana mzigo wa ziada. Wao hutumia kifaa kinachounganishwa na kompyuta ili kila ankara ipewe saini ya kodi. Kifaa hicho hakiwezi kuongea na kompyuta bila programu ndogo ya kuviunganisha. Kompyuta ikibadilishwa, au ikiwekewa toleo jipya la Windows, programu ile ya zamani huweza kukataa kabisa. Kifaa ni kizima, kompyuta ni mpya, lakini havijuani. Dawa yake ni programu mpya kutoka kwa msambazaji, na ikiwa msambazaji hajishughulishi kuitoa, au haijulikani nani wa kuja kuiweka, mteja hubaki na vyombo viwili vizima visivyo na kazi.

Mbeya ina sifa ya mafundi. Injini ya Fuso iliyokufa njiani Kitonga hufufuliwa, na mashine ya kukoboa mpunga hutengenezewa kipuri hapo hapo mjini. Lakini mafundi hao hawaruhusiwi kugusa EFD. Mashine imefungwa kwa lakiri, na anayeikata lakiri bila idhini anakuwa ametenda kosa.

Katazo hilo lina sababu nzuri. Kama kila fundi angeweza kufungua mashine, basi kumbukumbu ya mauzo ingechezewa na mashine isingekuwa na maana tena. Hakuna mfanyabiashara mwaminifu anayeomba lakiri iondolewe. Kinachoombwa ni kwamba anayepewa peke yake ruhusa ya kuikata awe karibu.

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na kutoka Iringa ni takriban 500. Msambazaji mwenye karakana Dar es Salaam na wakala wa kuuza tu mikoani, amegeuza hitilafu ya saa moja kuwa safari ya kifurushi katika basi, kwenda na kurudi, pamoja na foleni ya karakana katikati.

Hasara isiyoandikwa

Mashine inapoharibika, utaratibu unamtaka mwenye duka atoe taarifa kwa msambazaji na TRA, aandike risiti za mkono, kisha mashine ikipona aingize mauzo yote ya siku hizo. Kwa karatasi utaratibu huo unatosha, lakini sokoni hautoshi.

Chukuliwa mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Mnunuzi wa bati mbili anaweza kuridhika na risiti ya mkono. Mkandarasi hawezi. Halmashauri, shule ya bweni, hospitali na chuo haziwezi, kwa kuwa wahasibu wao hudai risiti ya EFD kabla hawajaidhinisha malipo. Iringa ni mji wa vyuo na shule, na manunuzi yao hujaza nafasi kubwa katika biashara ya mjini. Mteja wa aina hiyo akiambiwa mashine ni mbovu huvuka barabara kwenda duka la pili, na akikuta huduma nzuri huko harudi tena. Hasara hiyo haionekani katika ripoti ya Zedi.

Pana pia hofu ya faini. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ilipotungwa iliweka faini ya kati ya Sh. 3,000,000/- na Sh. 4,500,000/- kwa asiyetoa risiti ya kielektroniki. Kiwango hicho cha chini pekee kilizidi bei ya mashine tatu. Ofisa akiingia dukani na kukuta mteja ametoka bila risiti, mashine mbovu na mfanyabiashara mwongo hufanana sana. Mwenye duka ndiye wa kujieleza. Msambazaji aliyepigiwa simu mara tano hayupo hapo.

Ni haki kusema kwamba wapo waliojificha nyuma ya ubovu. Mashine ambayo hufa kila mwisho wa mwezi na kufufuka ofisa akifika inajulikana. Lakini hila hiyo nayo hustawi kwa sababu matengenezo hayana kumbukumbu ya kuaminika. Kama kila simu ya mteja ingeandikwa saa na tarehe mahali ambapo TRA inaona, mwongo angejulikana ndani ya wiki, na mkweli asingehitaji kujitetea.

Mamlaka yenyewe imewahi kuonja hali hiyo. Mei 2018 mfumo wa kupokea taarifa za mashine ulipata hitilafu, na mashine nchini zikashindwa kutoa risiti kwa siku kadhaa. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuandika kwa mkono, na hakuna aliyesema kuwa TRA inakwepa kodi. Uvumilivu wa namna hiyo ndio unaodaiwa na mwenye duka mmoja wa Miyomboni, pale mashine yake inapokufa peke yake.

Kivuli cha RTC

Wafanyabiashara wenye umri wanaukumbuka wakati wa Kampuni za Biashara za Mikoa, RTC. Mwenye duka alipokea kilichokuwapo ghalani, na kama kilikuwa kibovu hakuwa na pa kwenda. Soko huria liliwaondolea adha hiyo. Leo muuza saruji asiyejali wateja Mbeya hufilisika, kwa kuwa jirani yake anauza saruji hiyo hiyo.

Soko la EFD limefanana zaidi na RTC kuliko na soko la saruji. Wauzaji ni zaidi ya mmoja, lakini kila mmoja ana mashine zake na mafundi wake, na aliyekwisha kununua kwa mmoja hawezi kupeleka mashine kwa mwingine. Ushindani unaishia siku ya kuuza.

Wakulima wa mpunga wa Usangu wameyaona haya kwa upande wao. Baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, matrekta madogo ya mkono yalisambazwa kwa wingi, na kilio cha vipuri kikafuata nyuma yake. Tofauti ni kwamba mkulima aliweza kuliegesha trekta na kurudi kwa maksai. Mwenye duka hana pa kurudi, kwani kitabu cha karatasi kilikwisha kupigwa marufuku.

Katika miaka ya karibuni imeongezeka njia ya kutoa risiti kwa simu na kompyuta bila kikasha cha zamani. Ni hatua nzuri, na itapunguza safari za vifurushi. Hata hivyo programu nayo huharibika, na anayeitoa ni mfanyabiashara pia. Ikiwa masharti ya huduma yatabaki kama yalivyo, mgogoro utahama kutoka katika kikasha kuingia katika simu.

Kinachopaswa kufanyika

Kwanza, idhini ya kuuza mashine au programu hizi katika mkoa itegemee kuwapo kwa fundi mwenye ruhusa katika mkoa huo huo. Asiye na fundi Iringa asiuze Iringa.

Pili, msambazaji awe na mashine za akiba. Mashine ya mteja ikichukuliwa kwa matengenezo, nyingine iachwe kaunta siku hiyo hiyo. TRA ina ofisi za mkoa Mbeya na Iringa, hivyo usajili wa muda wa mashine ya akiba hauhitaji safari ya Dar es Salaam.

Tatu, bei za matengenezo, laini na programu mpya zitangazwe kabla ya mauzo na kuandikwa katika mkataba.

Nne, saa za ubovu zihesabiwe na kutangazwa kwa kila msambazaji, robo mwaka kwa robo mwaka. Anayeshindwa mara kwa mara anyang'anywe idhini, kama mwenye duka anavyotozwa faini.

Wafanyabiashara nao wana kazi. Kufunga maduka kunamuumiza mnunuzi wa sukari ambaye hana kosa, na kunampa msambazaji nafasi ya kujificha nyuma ya ugomvi wa kodi. Chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, ina matawi katika mikoa yote miwili. Wanachama wake wanaweza kununua kwa pamoja, wakamchagua msambazaji mmoja kwa sharti la fundi mkazi, na wakaweka daftari la pamoja la kila ubovu: tarehe, saa ya kupiga simu, saa ya fundi kufika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi wa bidhaa mbovu, lakini haimsaidii asiye na kumbukumbu.

Daftari la namna hiyo lingebadilisha mazungumzo. Maofisa wa TRA wakikaa tena meza moja na wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa, wakute mbele yao orodha ya siku ambazo mashine zililala bila fundi, pamoja na jina la kila msambazaji aliyezilaza. Kisha msambazaji aitwe naye aje kujieleza.