Ghafla kwa Saa ya Nani?

Msomaji, ukijaliwa kupita Murera, baina ya Ruiru na Thika, simama kando ya shimo lililochimbwa karibuni, liwe la msingi wa nyumba au la choo, uutazame ukuta wake. Mara nyingi utaona udongo mwekundu juu, na chini yake jiwe la kijivu, ndugu wa mawe yachongwayo Ndarugu kwa kujengea nyumba. Jiwe hilo lilikuwa majivu ya volkano, yaliyomwagika kwa kishindo kisha yakashikamana. Udongo ulio juu yake umetokana na mawe ya volkano vilevile, lakini yaliyoozeshwa na mvua na jua kwa muda ambao umri wa mtu hauwezi kuupima. Sasa niambie: ardhi ya Murera ilifanyika polepole au ghafla?

Nauliza kwa sababu swali kama hilo huulizwa juu ya uhai, na huulizwa vibaya. Wako wasemao kwamba viumbe vilibadilika kwa hatua zilizo sawasawa sikuzote, kama maji yadondokayo mtungini. Wako na wengine ambao, wasikiapo kuwa mtaalamu fulani ameona mabadiliko ya ghafla katika mawe, hushangilia wakisema, “Mwaona? Elimu ya mageuko imejivunja yenyewe!” Wa kwanza wamekosea kidogo. Wa pili wamekosea sana, na hao ndio nishindanao nao.

Wala mashindano haya si ya vitabuni tu. Mwaka 2006, makumbusho ya Nairobi yalipokuwa yakitengenezwa upya, baadhi ya viongozi wa makanisa walidai mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, isiwekwe mbele ya watu bali ifichwe chumba cha nyuma. Mifupa yenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.5, hazina isiyo na mfano duniani, ilikuwa karibu kutendewa kama mgeni wa aibu katika nchi yake yenyewe.

Turkana hiyohiyo ndiyo iliyoupa ubishi wetu ushahidi wake mashuhuri. Mwaka 1972 Wamarekani wawili, Niles Eldredge na Stephen Jay Gould, walinena kuwa aina za viumbe hukaa muda mrefu bila badiliko kubwa, kisha hubadilika kwa muda mfupi. Mwaka 1981 Peter Williamson akatangaza habari za makombe ya konokono na chaza aliyoyakusanya mashariki ya Ziwa Turkana, safu juu ya safu, katikati ya matabaka ya majivu ya volkano yawezayo kupimwa umri. Makombe yale yalidumu na umbo lile lile kwa muda mrefu mno, kisha yakageuka upesi. Wenzake hawakumwachia hivi hivi. Wengine walisema maji yalikuwa yameharibika na kuupotosha mwili wa konokono tu. Wengine, kwamba konokono wapya walihamia kutoka kwingine.

Lakini hebu tuulize: hiyo “upesi” ya Williamson ilikuwa muda gani? Yeye mwenyewe aliikadiria kuwa kati ya miaka 5,000 na 50,000! Hapo pana vizazi kwa maelfu vya konokono. Mwenye kulisikia neno “ghafla” la mtaalamu wa mawe, akalidhani ni ghafla ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, amedanganywa na neno. Darwin naye, aliyetoa kitabu chake mwaka 1859, aliongeza katika machapisho ya baadaye kwamba muda wa kubadilika yamkini ni mfupi ukilinganishwa na muda wa kutulia. Basi hakuna aliyejivunja.

Akupaye shaka na konokono, mpeleke Ziwa Viktoria. Ziwa lile lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Tangu hapo zimetokea humo aina zipatazo 500 za samaki wadogo waitwao fulu upande wa Kenya na furu upande wa Tanzania: walao konokono, walao mwani, walao samaki wenzao, kila mmoja na taya lake. Kwa wapimao umri wa dunia, huu ni muda wa kupepesa jicho. Je, ni muujiza? Mwaka 2017 wataalamu waliochunguza urithi wa samaki hao walieleza kwamba wametokana na koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili, zilizochanganyika damu. Tofauti za macho na rangi walizozitumia zilikuwa zimekwisha kukusanyika polepole katika koo hizo, kabla ziwa la sasa halijajaa. Mlipuko ulikuwa wa ghafla. Baruti ilikuwa ya zamani.

Kwa uhai wote kwa jumla sioni sababu ya kusema vingine. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na zaidi kidogo, na mawe ya Australia yana alama za vijidudu zenye miaka bilioni 3.5. Wanyama wakubwa hawaonekani ila katika miaka milioni 600 hivi ya mwisho, na kile kiitwacho mlipuko wa Kambria, ambao wapinzani wangu huupenda mno, ulichukua mamilioni ya miaka.

Ukitaka ghafla isiyohitaji kufasiriwa, ipo papo hapo ziwani. Sangara, waitwao mbuta na Wajaluo, waliingizwa na watu katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka kupita kiasi. Na kwa wao, pamoja na uchafuzi wa maji, aina za furu zikatoweka kwa mamia. Wavuvi waliokuwa vijana siku hizo wangali hai Kisumu na Mwanza, na wanaweza kukutajia samaki ambao wajukuu wao hawajapata kuwaona.