Namba ya Mtu Mwingine
MEZA YA DATA | Na Salma Mwinyihija

Karani wa karo anajaza fomu ya Access: jina la mwanafunzi, kiasi, tarehe. Anahifadhi. Kufumba na kufumbua, skrini inamwonyesha malipo ya mwanafunzi mwingine kabisa, ya mwaka juzi. Hakuna ujumbe wa kosa. Malipo mapya yamo salama kwenye seva, ila fomu imekwenda kusimama juu ya rekodi isiyo yake, na karani mwenye foleni mlangoni anaweza kuchapa risiti hiyohiyo akampa mzazi.

Kisa cha namna hii huwapata waliohamishia majedwali yao SQL Server wakabaki na fomu zilezile za Access, zikiunganishwa kwa ODBC. Kuhama kwenyewe ni busara, maana faili la Access lina kikomo cha gigabaiti 2 na huharibika kirahisi likitumiwa na watu wengi kupitia mtandao. Kinachosahaulika ni kwamba mtoa namba za rekodi amebadilika. Katika jedwali la Access lenyewe, AutoNumber hutokea mara tu mtumiaji anapoanza kuandika. SQL Server hutoa namba yake, IDENTITY, rekodi inapohifadhiwa, si kabla. Fomu iliyozoea kuchukua namba mapema sasa inaambulia patupu.

Hilo lina dawa nyepesi: hifadhi kwanza, soma namba baadaye. La karani ni zito zaidi.

Access ikishaingiza rekodi huiuliza seva thamani ya @@IDENTITY, yaani namba ya mwisho iliyotolewa katika muunganisho huo, bila kujali imetoka jedwali gani. Sasa chukulia jedwali la malipo lina triga, yaani amri zinazojiendesha ndani ya seva rekodi inapobadilika, inayoandika kila badiliko kwenye jedwali la ukaguzi, nalo lina IDENTITY yake. Malipo yanapewa 48,210; mara moja triga inaandika kumbukumbu na kupata 9,317. Access inaletewa 9,317, inaiamini, inafungua malipo yenye namba hiyo. Yasipokuwepo, mtumiaji anaona neno #Deleted na kudhani kazi yake imepotea, kisha anaingiza malipo yaleyale mara ya pili.

Tangu toleo la 2000, SQL Server ina SCOPE_IDENTITY(), ambayo haidanganywi na triga. Bahati mbaya fomu iliyounganishwa haiitumii, kwa hiyo tiba lazima ifanyike upande wa seva: kuondoa IDENTITY kwenye jedwali la ukaguzi, au kuandika triga irudishe namba ya awali kabla ya kumaliza kazi. Njia ya kwanza ni safi zaidi, kwa sababu hata mrithi wa mfumo ataielewa. Kumwambia karani afunge fomu na kuifungua upya, kama wafanyavyo mafundi wengi, ni kumtwisha mzigo usio wake.

Yapo pia malalamiko ya namba kuruka. Tangu toleo la 2012, seva ikizimika ghafla, IDENTITY ya aina ya int inaweza kuruka kwa 1,000 hivi, na muamala uliobatilishwa nao huondoka na namba yake. Mhasibu aliyeifanya IDENTITY kuwa namba ya risiti ataona pengo na kuanza kushuku wizi. Hapo seva haina kosa. Namba ya risiti inastahili utaratibu wake wenyewe.

Anayeishuku triga yake anaweza kupima kwenye nakala ya majaribio. Aingize rekodi moja kwenye seva moja kwa moja na, katika kundi hilohilo la amri, aombe @@IDENTITY na SCOPE_IDENTITY() pamoja. Majibu mawili yakitofautiana, ajue kuna triga inayotoa namba nyingine nyuma yake, na aitafute kabla fomu haijamfikia karani.