Mto Mara: Hela zinabaki getini, maji yanatoka kwa mkulima

Tangu 2024, mtalii wa kigeni anayeingia Hifadhi ya Maasai Mara kati ya Julai na Desemba analipa dola 200 kwa siku. Januari hadi Juni ni dola 100. Bei inapanda mara mbili kwa sababu inayojulikana: kuanzia Julai nyumbu wanafika mtoni, na dunia nzima inataka kuwaona wakivuka.

Piga hesabu ndogo. Wageni wawili, siku mbili: kiingilio peke yake ni dola 800. Wakipanda puto alfajiri, kila mmoja anatoa zaidi ya dola 400. Hapo bado hujaweka kitanda, chakula, gari, dereva na tipu.

Sasa jiulize: kama mto huu ukikatika, nani atalipa dola 200 kuja kutazama mchanga?

Mto mmoja, mifuko tofauti

Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 395. Unaanzia Msitu wa Mau, Kenya. Mito miwili, Nyangores na Amala, inashuka kupitia mashamba ya Bomet na Narok, kisha inakutana na kuwa Mara. Kutoka hapo mto unaingia Maasai Mara, unavuka mpaka hadi Serengeti, unapita kwenye eneo kubwa la ardhi oevu mkoani Mara, na kumwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma.

Kaskazini mwa Serengeti, wakati wa kiangazi, huu ndio mto pekee wenye maji ya kudumu. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaufuata kwa sababu ya kiu na majani mabichi. Watalii wanawafuata nyumbu, na hela zinawafuata watalii.

Na si hela za mchezo. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa karibu milioni 2.4 na Tanzania zaidi ya milioni 2.1. Si wote walifika Mara au Serengeti, lakini picha ya nyumbu wakivuka mto ndiyo tangazo kubwa la nchi zote mbili.

Tatizo ni kwamba hela hizi zinakusanywa kwenye geti, wakati maji yanaanzia mbali na geti. Upande wa Kenya kiingilio kinaenda Kaunti ya Narok. Upande wa Tanzania, Serengeti ni hifadhi ya taifa, na mapato yake ni ya serikali. Mkulima wa Bomet mwenye chemchemi shambani kwake hana fungu kwenye tiketi hiyo.

Shamba la simba linalipwa, la chemchemi halilipwi

Angalia tofauti hii. Pembeni ya Maasai Mara kuna hifadhi za jamii. Wamaasai wenye ardhi wanakodisha maeneo yao kwa kampuni za utalii na kulipwa kodi kwa sababu wameacha nafasi kwa simba na tembo. Mpango huo una kasoro zake, na Korona ilipokata utalii 2020 malipo yaliyumba. Lakini wazo linaeleweka: anayeacha kulima ili utalii uishi, alipwe.

Huko juu hali ni tofauti. Mkulima akiambiwa asilime hadi ukingoni mwa mto, asikate miti, asipande mikaratusi kwenye chemchemi, anapewa katazo tupu. Ana watoto wa kusomesha, ekari zake ni chache, na kila mstari wa mahindi anaouacha ni gunia linalopungua. Unategemea nini?

Matokeo tunayaona. Ripoti ya kikosi kazi cha serikali ya Kenya ya 2009 ilionyesha kwamba Mau ilikuwa imepoteza karibu robo ya msitu wake, zaidi ya hekta 100,000. Ardhi ikiwa wazi, mvua haipati muda wa kuzama. Maji yanashuka kwa fujo na udongo wake, halafu kiangazi mto unabaki mwembamba.

Hasara inaweza kuja pande zote mbili. Mei 2024, baada ya mvua kubwa, Mto Talek, unaoingia Mara, ulivunja kingo. Kambi za watalii zilizama na wageni wakaokolewa, wengine kwa helikopta. Kwa upande wa ukame, utafiti wa Emmanuel Gereta na wenzake uliochapishwa 2002 ulikadiria kwamba ukame mkali, maji yakiwa yamepunguzwa kule juu, unaweza kuua kati ya asilimia 20 na 80 ya nyumbu wanaohama.

Ruaha ilishatuonyesha

Anayeona haya ni maneno ya wanamazingira aende Iringa. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Maji yalikuwa yameishia juu, Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na malisho.

Dawa iliyotumika ilikuwa kali: 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Familia zilipoteza makazi na mifugo, na mto haukurudi kama zamani. Kenya nayo ilihamisha maelfu ya watu kutoka Mau mwaka 2018 na 2019. Yaani tunasubiri mto uumie, halafu tunatuma askari kwa maskini.

Dola 2 tu

Ipo njia nyingine, na tayari imejaribiwa Kenya. Kwenye bonde la Ziwa Naivasha, watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua, walichangia malipo kwa wakulima wadogo wa juu ili waache nyasi na miti kwenye kingo na miteremko. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalimpa mkulima sababu.

Kwa Mara, chukua dola 2 kati ya zile 200. Ni asilimia 1. Kila tiketi 100,000 za siku moja zitaleta dola 200,000. Hakuna mtalii atakayeghairi safari kwa dola 2.

Ugumu uko kwenye siasa. Narok itauliza kwa nini ilipe Bomet. Kenya itauliza Tanzania inachangia nini, maana Serengeti nayo inakunywa maji hayohayo. Na wakulima watauliza, kwa haki kabisa, kama hela hiyo itawafikia au itaishia kwenye semina za hotelini. Kwa hiyo malipo yaende moja kwa moja kwenye simu ya mkulima, na yatoke tu pale chemchemi na ukingo vikikaguliwa na kukutwa salama.

Kila 15 Septemba nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara. Miti inapandwa na hotuba zinatolewa. Ni vizuri, lakini mti uliopandwa na mgeni rasmi unamwagiliwa na mwenye shamba, na huyo bado hajalipwa.