Analogi haijafa, inapiga kelele Jeevanjee

Tangu matangazo ya runinga ya analogi yalipozimwa hapa Kenya mwaka 2015, wengi wameamua kwamba analogi ni mambo ya kale. Hata sisi waandishi wa programu tunasema hivyo, tukiwa tumeketi Westlands na tarakilishi zetu. Mimi sikubali.

Hebu nenda bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, wahubiri wakiwa kazini. Mmoja akisogeza maikrofoni karibu na spika, utausikia ule mlio wa kutoboa masikio: fiiiii! Hakuna aliyeupiga. Sauti ndogo imetoka kwenye spika, ikaingia kwenye maikrofoni, amplifaya ikaikuza, ikatoka kubwa zaidi, ikarudi tena. Inaongezeka hivyo mpaka amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake. Masharti ni mawili tu: kinachorudi kisiwe kimepungua, na wimbi lake lipande pale lile la kwanza linapopanda.

Hiyo ndiyo osileta. Saa yako ya mkononi inafanya vivyo hivyo, ila badala ya spika na maikrofoni kuna kijipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawanya kwa mbili mara 15, unabaki na pigo moja kwa sekunde. (Wenzangu wa programu mmeitambua namba hiyo, sivyo?) Simu nayo inafuata mapigo ya osileta. Yakisimama, hakuna mstari hata mmoja wa programu yako utakaokwenda.

Sasa pindua wimbi linalorudi, lipunguze badala ya kuongeza. Amplifaya inatulia na sauti inakuwa safi. Harold Black wa Bell Labs, Marekani, aliliwaza hilo mwaka 1927 akiwa kwenye feri akielekea kazini.

Ajabu ni kwamba vijana wetu wanaoandika programu usiku kucha huenda Luthuli Avenue wakauziwa amplifaya ya gari yenye karatasi ya "wati 1,000", nao wakaamini. Jamani, amplifaya haiumbi nguvu, inaachilia ile ya betri. Betri ni volti 12, spika ni omu 4. Zidisha 12 kwa 12, gawa kwa 2 kwa sababu wimbi haliko kileleni wakati wote, kisha gawa kwa 4. Unapata wati 18. Injini ikiwaka volti zinapanda kidogo, labda ufike 26. Hicho ndicho kikomo kwa spika moja, isipokuwa ndani mna sakiti ya kupandisha volti. Zipo, tena nzuri, lakini wati 1,000 kutoka volti 12 zinataka zaidi ya ampea 80. Kwa hiyo usiisome karatasi, uliza waya wa betri. Akikuletea mwembamba kama wa chaja ya simu, mwambie asante, upande matatu yako ya Kangemi.