Mpala ina kanisa na makaburi, lakini Lusinga hana kaburi

Wanaopanda boti kutoka Kalemie kwenda Moba wanaijua Mpala: mdomo wa mto Lufuko, milima nyuma, na misheni ya Mapadri Weupe kandokando ya ziwa. Watoto wa shule wanafundishwa kwamba historia ya pale ilianza na mapadri. Si kweli, na kuna watu wanaofaidika na uongo huo.

Zamani mahali pale paliitwa Lubanda. Mpala lilikuwa jina la shefu wa Watabwa aliyempokea mzungu Émile Storms, askari wa Ubelgiji aliyevuka ziwa kutoka Karema, ng'ambo ya Tanzania, mwaka 1883. Storms alitumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, lile la mfalme Leopold wa Pili. Alifanya udugu wa damu na Mpala, akajenga boma. Mwaka 1885 Leopold alipoona Kongo yake inapatikana kwa njia ya magharibi, boma za Karema na Mpala zikapewa mapadri. Misheni ilianzia ndani ya boma hilohilo. Kwa hiyo anayesimulia parokia ya Mpala bila kusimulia boma, anaanzia katikati ya hadithi.

Na katikati ya hadithi ndipo kichwa cha Lusinga kinapopotea.

Lusinga alikuwa shefu mwenye nguvu katika nchi hiyo, na hakukubali kuwa chini ya Storms. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms wenye bunduki walishambulia kijiji chake. Waliua wengi, wakachukua mateka, wakamkata Lusinga kichwa na kukipeleka bomani. Storms aliporudi kwao alikibeba pamoja na vichwa vya mashefu wengine wawili, Maribu na Mpampa. Mwaka 1886 wataalamu wa Brussels walikuwa wakipima mafuvu hayo wapate kuandika juu ya ukubwa wa vichwa vya watu weusi. Baadaye mafuvu yalikaa katika jumba la makumbusho la Tervuren, na mwaka 1964 yakahamishiwa Taasisi ya Sayansi ya Asili mjini Brussels. Yalikaa huko sandukuni, mpaka mwandishi wa habari wa Ubelgiji alipoyaandika mwaka 2018. Sanamu ya Storms iliyokuwa katika bustani ya mjini Ixelles iliondolewa Juni 2020. Kuiondoa sanamu ilikuwa rahisi. Mafuvu ndiyo magumu.

Kuna wanaosema Lusinga mwenyewe alikuwa muuza watumwa, kwa hiyo asililiwe. Ni kweli aliuza watu. Joseph Thomson, mzungu aliyepita kwake mwaka 1879, aliandika habari mbaya sana juu yake, na wazee wa Watabwa hawafichi jambo hilo. Lakini Storms hakumkata kichwa ili kufungua watumwa. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ataitawala nchi. Na hata mtu mbaya huzikwa. Hakuna kijiji cha Moba, Nyunzu wala Manono ambapo mwizi akifa watu wanaweka kichwa chake kabatini.

Wengine wanaogopa kwamba kumkumbuka Lusinga ni kuwatukana mapadri. Hofu hiyo haina msingi. Hao hawakumwua, waliingia boma likiwa tayari na damu. Kapiteni Joubert, aliyefika Mpala mwaka 1887, aliwapigania watu dhidi ya wawindaji wa watumwa, na hilo lisemwe kwa sauti. Shule ya misheni ya Mpala ilimlea Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani, aliyepewa upadri mwaka 1917. Parokia ina mengi ya kujivunia, hivyo haihitaji kuficha lolote. Wamisionari waliofia huku walizikwa penye misalaba na majina yao. Hakuna anayetaka misalaba hiyo ing'olewe. Jambo linalodaiwa ni kwamba mwenye nchi naye awe na kaburi.

Hoja inayosikika zaidi ni ya njaa. Katika kambi za wahami pembeni ya Kalemie, familia zilizokimbia vita vya Watwa na Waluba, na zile zilizoshuka ziwa kutoka Uvira na Fizi, zinatafuta unga na turubai. Fuvu la kale litawafaa nini? Hapo wenye ofisi zao huitikia kwa vichwa na kufunga faili. Lakini waulizwe wahami wenyewe. Mama aliyeacha kaburi la mtoto wake kijijini, asijue kama limelimwa au limechomwa, hatamwambia mtu kwamba mifupa si kitu. Baba aliyezikia ndugu yake katika shamba la watu anajua uchungu wa maiti kulala ugenini. Unga na kaburi haviko katika mfuko mmoja. Kudai kimoja hakupunguzi kingine.

Tena njia ipo. Jino la Lumumba lilirudishwa Juni 2022 na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huohuo. Kilichowezekana kwa jino kinawezekana kwa fuvu. Sheria ya Ubelgiji ya Julai 2022 inaruhusu kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini haigusi mabaki ya watu. Yaani kinyago kina mlango wa kutokea, mtu hana. Tayari mtu wa Lubumbashi anayejitambulisha kuwa wa ukoo wa Lusinga amemwandikia mfalme wa Ubelgiji. Barua ya mtu mmoja haitoshi. Wabunge waliochaguliwa Moba na Kalemie, serikali ya jimbo, na Kinshasa waandike pia, wakitaja majina yote matatu: Lusinga, Maribu, Mpampa.

Jimbo Katoliki la Kalemie-Kirungu nalo linaweza kusaidia bila kungoja Brussels: vijana wanapopelekwa Mpala kuhiji, wasimuliwe na habari ya tarehe 4 Desemba 1884.

Kuhusu mahali pa kuzika, wazee wa Watabwa ndio wataamua. Lusinga hakuwa Mkristo, na huenda wasimtake karibu na boma la aliyemkata kichwa. Wakisema apelekwe mlimani, kilipokuwa kijiji chake, basi apelekwe mlimani.