Maji Hayalindwi kwa Kufukuza Watu

Kuna bango ambalo kila mkazi wa Karagwe na Kyerwa amekwisha kuliona, la bati lililoanza kushika kutu, limepigiliwa kwenye nguzo pembeni ya chemchemi au bwawa: CHANZO CHA MAJI. NI MARUFUKU KUFANYA SHUGHULI ZA KIBINADAMU. Nyuma ya maneno hayo imejengeka imani ambayo siku hizi haihojiwi na mtu, kwamba binadamu ni adui wa maji. Ukitaka chemchemi isikauke na msitu usiishe, watoe watu, funga njia, acha pori lijilinde. Diwani anaisema kwenye mkutano, mwalimu anaifundisha darasani, na mzee akikukuta unatoka msituni mikono mitupu anakuuliza kwa wasiwasi: "Mwanangu, huko ulifuata nini?" Ukimjibu kwamba ulikwenda kutembea tu, kutazama maji na kusikiliza ndege, haamini. Angekuelewa upesi zaidi kama ungekuwa na panga.

Naipinga imani hii, na nina sababu ya kuipinga sasa hivi. Mji wetu wa Kayanga, hapa Karagwe, ni mmojawapo wa miji 28 iliyoingizwa katika mradi mkubwa wa maji unaogharamiwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Maji ya Kayanga na Omurushaka ni ya kutoka Ziwa Rwakajunju. Kwa mji uliokaa juu ya vilima, ambako kina mama wamezeeka wakipandisha madumu kichwani, hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nchini kwetu chanzo kikishapata pampu hufuata uzio, na kikishapata uzio, watoto wanaozaliwa baada ya hapo hawakijui tena. Watakunywa maji ya ziwa ambalo hawajawahi kuliona, kisha tutawalaumu kwamba hawalijali.

Wanaotetea kufukuza watu huikimbilia sheria. Basi tuisome. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na ndani ya mita hizo kinakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya eneo hilo. Kulima, kujenga, kufyatua matofali, kuchoma mkaa: hayo yamekatazwa, na yaendelee kukatazwa. Mtu anayepita kwa miguu kwenye njia iliyotengenezwa, akakaa chini ya mti, akala karanga zake na kurudi nyumbani na takataka zake, hajajenga wala hajalima. Walioandika mabango ndio waliofupisha sheria mpaka mtembeaji na mchoma mkaa wakawa mtu mmoja.

Tena kinachochafua maji yetu tunakijua. Ndani ya msitu ulio hai, tone la mvua huangukia majani kwanza, likapungua nguvu, likashuka kwenye tabaka la majani yaliyooza, likazama taratibu katika udongo uliotobolewa na mizizi, na siku nyingi baadaye likatokea chini ya kilima likiwa chemchemi. Ukiukata msitu huo, mvua ileile hukimbia juu ya ardhi na kubeba udongo wote mpaka ziwani. Tazama Bwawa la Mindu, linalowanywesha watu wa Morogoro. Kwa miaka mingi limekuwa likijaa tope, na tope hilo huletwa na Mto Ngerengere na vijito vinavyoteremka kutoka kwenye mashamba ya milimani. Uzio wa kuzunguka bwawa hauwezi kulizuia, maana maji hupita chini ya waya. Wala halikuletwa na viatu vya watu waliokuja kupunga upepo.

Mtembeaji huona mambo ambayo bango halioni. Kisiki kilichokatwa jana kinatoa utomvu, na unga wa msumeno bado ni mweupe juu ya majani. Moshi wa tanuri la mkaa lililofunikwa kwa nyasi na udongo unanusika kabla ya kuonekana. Miche ya mikaratusi imepandwa kimyakimya hatua chache kutoka kwenye jicho la maji, na sote tunajua mkaratusi unavyokunywa. Ofisa misitu mmoja aliyepewa kata kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta hawezi kuyafikia haya yote kila wiki. Wanafunzi wa sekondari wanaotembea msituni kila Jumamosi wangeyaona, na wangesema, kwa sababu mahali ulipozoea kupumzika hukubali paharibiwe.

Sisi watu wa Karagwe tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa sababu tumeonja matunda ya msitu uliokimbiwa. Kuanzia 1994, wakimbizi walipomiminika Ngara na Karagwe kutoka Rwanda, mapori ya akiba yalikatwa kuni na kuwindwa ovyo, ingawa kisheria yalikuwa yamefungwa siku zote. Baadaye likaja la majambazi. Abiria wa barabara ya kwenda Ngara kupitia pori la Kimisi walifikia kusafiri kwa msafara, polisi wenye bunduki wakiwasindikiza. Msitu ambao watu wema wamekatazwa kuingia huwa na wenyewe, na wenyewe hao hawaombi kibali.

Nairobi ililijua tatizo hilihili kwa jina la Karura. Wangari Maathai na wenzake waliuokoa msitu huo usigawiwe wajenzi, na Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa akiutetea. Hata baada ya ushindi huo, kwa miaka mingi Karura iliendelea kuwa mahali pa kuogopwa, pa wezi na miili ya watu iliyotupwa. Kilichoubadilisha ni watu. Wananchi walijiunga katika chama cha marafiki wa msitu, wakashirikiana na serikali, na mwaka 2011 ukafunguliwa kwa wananchi. Una uzio, sikatai, lakini uzio wake una malango, na anayelipa kiingilio kidogo anaingia na watoto wake, anatembea, anaendesha baiskeli, anafika kwenye maporomoko ya maji na kurudi salama. Leo mtu akitaka kumega kipande cha Karura atapigiwa kelele na maelfu wanaoijua kila njia yake.

Wapo watakaosema Karura si chanzo cha maji ya kunywa. Basi twende Ndakaini, Murang'a, kwenye bwawa linalobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji la Nairobi, mita za ujazo milioni 70 likijaa, likizungukwa na miti na mashamba ya chai chini ya milima ya Aberdare. Kama imani ya mabango ingekuwa kweli, hapo ndipo watu wangefukuzwa kuliko popote. Kumbe tangu 2004 kumeandaliwa mbio za nusu marathoni za kulizunguka bwawa hilo, wakimbiaji wakubwa wa Kenya na wanafunzi wa jirani pamoja, na shabaha yake hasa ni kuchangia utunzaji wa eneo linalokusanya maji. Watu wa Nairobi wanakwenda kukanyaga kingo za maji yao wenyewe, wanaona kina kilivyoshuka wakati wa kiangazi, wanarudi wakijua bomba linaanzia wapi. Na hapa Tanzania, Ziwa Duluti karibu na Tengeru, Arusha, limo ndani ya msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna njia ya miguu ya kulizunguka na mitumbwi ya kukodi, na msitu umesimama katikati ya vijiji vilivyobanana.

Hoja ya mwisho wanayonitolea ni kwamba kutembelea misitu na maziwa ni mambo ya Wazungu. Hii inaniudhi kuliko zote. Mpelelezi Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, mfalme wetu Omukama Rumanyika akiwa bado hai, alikwenda kuona maji moto ya Mtagata, ambayo leo yako Kyerwa. Alikuta wenyeji wamekwisha kufika siku nyingi, wagonjwa na wazima, wakioga na kupumzika chini ya miti mikubwa, na sifa ya mahali hapo imeenea nchi za jirani. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Wazee wetu walisafiri kwa miguu kufuata maji yenye kivuli, wakalala huko, wakarudi na nguvu. Sisi wajukuu wao tuna hifadhi mbili za taifa mlangoni, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, na raia hulipa kiingilio kwa shilingi. Waulize vijana pale stendi ya Kayanga ni nani kati yao amewahi kuingia hata moja.

Sisemi milango iachwe wazi bila utaratibu. Wageni huacha chupa za plastiki, huwasha moto, huja na spika. Kuogelea karibu na mahali maji yanapovutwa na pampu hakufai, na katika maji yaliyotulia kuna kichocho. Kwenye mabwawa ya Mto Kagera kuna viboko na mamba ambao hawana mzaha. Haya yote yana dawa inayojulikana: njia moja iliyochongwa, vyoo vilivyojengwa mbali na maji, vijana wa kijiji wenye sare wanaoongoza wageni na kulipwa kutokana na kiingilio, marufuku ya moto na pombe, na eneo la pampu lenyewe kufungwa kabisa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuondoa tope kwenye ziwa.

Nawaomba Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), halmashauri za Karagwe na Kyerwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kila uzio wa chanzo cha maji utakapochorwa, lango na njia ya miguu vichorwe kwenye ramani hiyohiyo, Rwakajunju ikiwa ya kwanza. Na wewe msomaji, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi 3. Utakapoitishwa kwenu, nyoosha mkono uulize chanzo chenu cha maji kinalindwa na nani, na wananchi wataruhusiwa kukitembelea lini. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari.