Tuchonge Mfupa Kwanza

Mhariri ametupa sisi wanachama wa Chama cha Sanaa nafasi katika toleo hili tutoe maoni yetu juu ya yale mawe ya chokaa yaliyobaki ubavuni mwa maabara baada ya ujenzi. Mkuu wa Shule amekubali tuyachonge, kwa sharti kwamba tupatane kwanza ni kitu gani kitakachochongwa, na kitu hicho kiwe na maana kwa shule na kwa mji wetu wa Lindi. Wengi katika chama wataka tuchonge mjusi wa Tendaguru, mnyama mzima, pamoja na kichwa chake, ngozi yake na macho yake. Wazazi kadhaa wamepeleka neno kwamba jambo hilo hawalipendi. Mimi nasema mnyama huyo tumchonge, lakini tuanze na mfupa wake mmoja tu, ule wa mguu wa mbele utokao begani mpaka kiwikoni, kwa kipimo chake cha kweli. Najua wenzangu wengine wataniona mwoga. Naomba wasome mpaka mwisho.

Yafaa kwanza tukumbushane habari yenyewe, maana wapo wanafunzi hapa waliotoka mikoa ya mbali ambao wasikia jina la Tendaguru kama hadithi ya bibi. Tendaguru ni kilima, mwendo wa kilomita sitini hivi kaskazini-magharibi ya mji huu. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha katika nchi, mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini karibu na kilima hicho. Tangu 1909 hata 1913 watu wa makumbusho ya Berlin walichimba huko. Nimesema watu wa makumbusho, lakini walioshika majembe walikuwa mamia ya watu wa nchi hii, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye kwa mazoea ya kazi alikuja kuijua mifupa ile kama fundi ajuavyo mbao zake. Ikafungwa, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku nne mpaka bandarini hapa Lindi, ikapakiwa melini. Yasemekana jumla ilipita tani 200. Hapakuwa na reli wala gari; palikuwa na shingo za watu.

Mkubwa wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo yuko huko. Siku hizi wataalamu wamwita Giraffatitan, na kimo chake hapo alipo ni mita 13.27. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Sisi twamwita mjusi, na jina hilo limekwisha kuzoeleka hata Bungeni, walakini mjusi si ndugu yake wa karibu. Kuku anayepekua uani kwetu ana ujamaa naye wa karibu zaidi kuliko mjusi kafiri aliye ukutani.

Sasa nije kwenye kazi ya kuchonga. Wenzangu wanaotaka mnyama mzima wasema jambo hili lilikwisha kufanywa na wengine, na ni kweli. Mwaka 1852 Mwingereza Benjamin Waterhouse Hawkins alipewa kazi ya kutengeneza wanyama wa kale kwa ukubwa wao wa kweli, wawekwe katika bustani ya Crystal Palace huko Sydenham, kusini ya London. Alifinyanga udongo, akafanya kalibu, kisha akajenga kwa chuma, matofali, saruji na kokoto, vitu ambavyo vikikauka ni jiwe tupu. Mwenyewe alieleza kwamba kumsimamisha mnyama mmoja aitwaye Iguanodon ni sawa na kujenga nyumba juu ya nguzo nne. Akahesabu nguzo 4 za chuma zenye urefu wa futi 9, matofali 600, vigae vya namna mbili 1,550, mapipa 38 ya saruji na mapipa 90 ya mawe yaliyopondwa. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1853 aliwakaribisha wataalamu wale chakula ndani ya kalibu ya mnyama huyo, na Profesa Richard Owen, yule aliyetunga jina la dinosaria mwaka 1842, akaketi upande wa kichwa. Mtu aweza kucheka, lakini mimi napenda fundi anayeifurahia kazi yake namna hiyo.

Basi Iguanodon wa Hawkins ana pembe puani kama kifaru, na amesimama kwa miguu minne minene. Wakati ule mnyama huyo alijulikana kwa meno na mifupa michache tu, na kati ya mifupa hiyo palikuwa na mmoja mfupi uliochongoka. Mahali pake hapakujulikana, ukawekwa puani. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, nchini Ubelgiji, wakakuta chini sana ya ardhi mifupa ya wanyama wa namna hiyo zaidi ya 30, mingine mizima kabisa, na hapo ikaonekana kwamba ile pembe ni kidole gumba. Sanamu zingali zimesimama Sydenham mpaka leo na pembe zake puani. Tangu 2007 zimewekwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayohifadhiwa na serikali ya Uingereza.

Simcheki Hawkins. Alifanya kazi kwa yale yaliyojulikana siku zake, na aliyafuata kwa uaminifu. Shida ninayoiona mimi ni shida ya jiwe lenyewe. Mtu akiandika kitabu aweza kusema, hapa nina hakika, hapa nakisia. Jiwe halina sauti ya kusema hivyo. Pembe iliyokisiwa na jino lililopimwa vyote vimechongwa kwa tindo moja, vyote vyang'aa sawasawa juani, na mtoto apitaye njiani huviamini vyote pamoja.

Wala jambo hili si la zamani za Hawkins tu. Huyo mnyama wetu wa Berlin alisimamishwa mwaka 1937 akiwa amepanua viwiko vya miguu ya mbele, na mkia wake ukiburura chini. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2007 baada ya matengenezo, miguu ilikuwa imenyoshwa na mkia umeinuliwa. Mfano mwingine ni Kentrosaurus, naye wa Tendaguru, aliyepewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915, mnyama wa mita nne na nusu hivi mwenye mabamba mgongoni na miiba mkiani. Ana miiba miwili mikubwa ya ubavuni ambayo zamani iliwekwa nyongani, na leo wataalamu wengi waiweka begani. Kumbe hata wenye mifupa mikononi mwao hupanga na kupangua. Lakini angalieni ni nini kilichobadilika na ni nini ambacho hakikubadilika. Mkao umebadilika, mkia umebadilika, mwiba umehama, hata jina la mkubwa yule limebadilika, maana awali aliitwa Brachiosaurus. Mfupa wa mguu wa mbele ulikuwa na urefu wa mita 2.13 siku ulipopimwa, na ndio urefu wake leo.

Mita 2.13! Simama ubavuni mwa mlango wa darasa uinue macho. Mfupa huo wapita kizingiti cha milango mingi. Na huo ni kipande cha bega mpaka kiwiko tu. Naamini mtoto wa shule ya msingi akiwekwa karibu na mfupa huo, mkono wake ukipapasa jiwe, ataujua ukubwa wa mnyama kuliko akionyeshwa sanamu nzima ya kimo cha mbuzi, kama ile ambayo mawe yetu yangeweza kutoa. Maana tusidanganyane: mawe tuliyo nayo hayatoshi mnyama wa mita 13. Tukimchonga mzima hatakuwa mjusi wa Tendaguru, atakuwa mwanasesere wa bustani.

Nije kwa wazazi. Wako wanaosema kwamba kuchonga sanamu ya kiumbe mwenye roho hakupatani na dini yetu, na neno hilo si la kupuuzwa na vijana kwa sababu tu wamesoma mambo ya miaka milioni. Wazee wetu wa pwani walikuwa wachongaji wa mawe hodari kupita sisi. Mtu akienda Kilwa Kisiwani, katika mkoa wetu huu huu, atayaona magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililopambwa kwa matumbawe yaliyochongwa maandishi na mapambo ya mistari na mafundo. Walikata tumbawe baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Mapambo yao hayakuhitaji umbo la mnyama, na kazi yao haikupungua uzuri. Kufasiri sheria si kazi yangu, wapo wenye elimu hiyo. Nasema tu kwamba mfupa si kiumbe mwenye uso, na wale wazazi wawili niliopata kuzungumza nao, nilipowaeleza habari ya mfupa, walisema huo hauna neno. Basi kwa nini tuanze kazi kwa ugomvi na nyumba zetu, na hali liko jambo ambalo wote waweza kulikubali na ambalo kwa elimu ndilo la hakika zaidi?

Kuna na wengine, hasa walimu wetu wawili wa historia ambao nawaheshimu sana, wasemao kwamba kuchonga mfano wa jiwe ni kama kukubali kwamba asili ibaki Ulaya, na kwamba heri tungoje mpaka mifupa irudishwe. Mimi pia ningependa kuiona hapa kabla sijazeeka. Ila sioni jinsi jiwe la shule litakavyomfanya mtu yeyote aisahau mifupa. Lasahaulika lisiloonekana. Ndani ya mji huu niliwauliza wenzangu wa Kidato cha Kwanza kama wamepata kulisikia jina la Boheti bin Amrani, na hakuna aliyeinua mkono. Na hali mwaka 2007 wataalamu walimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nataka jina lake lichongwe ubavuni mwa mfupa wetu kwa herufi kubwa, na chini yake neno moja, wachukuzi, kwa kuwa majina yao wote hatuwezi kuyatia.

Yabaki mambo ya ufundi. Matumbawe ya baharini hatuyagusi, kwa kuwa kuyavunja ni kuharibu mazalia ya samaki, na nusu ya wanafunzi hapa walipiwa vifaa vyao kwa samaki. Pengine mtu atauliza habari za jiwe la sabuni, lile la Tabaka katika nchi ya Wakisii huko Kenya, ambalo ni laini hata panga na kisu hulikata. Hilo lafaa sana kwa vitu vidogo, na siku moja ningependa tupate kipande tujaribu Kentrosaurus wa kiganjani. Lakini Tabaka ni mbali na nauli ya mawe si ndogo. Chokaa yetu ni ngumu kidogo, nayo yakubali nyundo na tindo. Hatuna jiwe moja la mita mbili, kwa hiyo mfupa utakuwa vipande vitatu, vilivyotobolewa katikati na kushikwa kwa nondo na saruji. Hilo lisiwatie haya wanachama. Hata mifupa yenyewe ilitoka ardhini vipande vipande. Kabla ya kugonga jiwe tukate kiolezo cha mbao nyembamba kwa ukubwa kamili, maana mfupa huu si gogo la mnazi: ni mpana sana upande wa bega, wakonda katikati, kisha wapanuka tena kwenye kiwiko. Akosaye kiolezo atachonga mchi wa kutwangia.

Kila mchongaji afunge kitambaa puani na jiwe liloweshwe maji mara kwa mara. Vumbi la jiwe halina huruma na mapafu, na nimeona wenzangu wawili wakijaribu tindo kwenye pembe ya jiwe moja wiki iliyopita huku wakicheka na midomo wazi.

Juu ya mahali pa kuuweka, wengi wasema usimamishwe mbele ya ofisi kama nguzo. Mimi naona ulazwe chini ya ule mwembe ulio karibu na lango, nusu yake imefukiwa mchangani, kama ilivyokuwa mifupa ile ilipoonekana mara ya kwanza. Wadogo watakaa juu yake wakingoja kengele, nasi hatutawakataza.